Ukishamvua Upanga, Unamwachia Nini?

Wengine mtaliona jambo hili la kitoto, maana ni habari ya mchezo. Lakini ninyi mnaokesha na miswada, mliokwama sura ya sita kwa kuwa shujaa wenu ana kila kitu na hadithi imegoma kutembea, hebu nivumilieni kidogo. Upo mchezo mmoja wa mezani ambao umenifundisha juu ya wahusika mambo ambayo ule uchambuzi wetu wa fani na maudhui, pale Kidato cha Nne, haukuyagusa hata kwa mbali.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons; wachezaji wanaukata na kuuita D&D. Ulitoka Marekani mwaka 1974, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja ana karatasi ya mhusika aliyemtunga mwenyewe: huyu mpiganaji, yule mwizi, mwingine kasisi, mwingine mchawi. (Mchawi wa humu ni msomi wa vitabu, bwana, si yule wa kupanda ungo usiku.) Mmoja wao hana mhusika, yeye ndiye mwendeshaji. Anasimulia: mmefika mlango wa pango, ndani mnasikia mnyororo unaburutwa, mnafanyaje? Kila mtu anajibu kwa mhusika wake. Jambo likiwa la mashaka, zinarushwa dadu, na kubwa kati ya hizo ina pande 20. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea wiki hata wiki, pengine miaka, na mhusika anakua mikononi mwa mwenyewe. Sisi tunatumia kitabu kimoja kilicholetwa na ndugu wa mwenzetu aliyekuwa masomoni Kanada. Jalada linashikiliwa na gundi tu, na tunacheza kwa Kiswahili mwanzo mwisho.

Sasa, chini ya karatasi ya mhusika pana orodha ya vitu alivyonavyo. Upanga, ngao, deraya ya chuma, kamba ya mita 15, mienge, chakula kikavu cha safari. Mgeni akiiona atadhani umetumwa dukani. Mwenye karatasi anajua zaidi. Pete hii tuliipata siku ile ambayo kasisi wetu nusura afe. Upanga huu ulitugharimu vikao vitatu na rafiki mmoja wa kutungwa ambaye hadi leo tunamtaja kwa huzuni. Orodha ile, ukijua kuisoma, ni wasifu wa mtu. Ndiyo maana swali ninalolileta lina moto wake: je, mwendeshaji ana haki ya kuvichukua vitu hivyo?

Kwenye riwaya swali hili halipo. Mimi nikiandika kwamba Fulani ameibiwa baiskeli, baiskeli imeibiwa, na Fulani hawezi kuja nyumbani kwangu kulalamika. Upanga wa mhusika wangu ni wangu mimi mwandishi, na maumivu yake ni yangu kuyagawa. Mezani mambo yamegeuka. Mwendeshaji anatunga dunia, mvua yake na wanyama wake, lakini mhusika ana mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo hapo anakutazama machoni, kikombe cha chai mkononi.

Gygax hakuwa mtu wa huruma katika hili. Inasimuliwa kwamba alinunua mfuko wa wanyama wa plastiki, vile vitu vya watoto vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, akavitafutia majina na tabia. Mmoja alikuwa na papasi mbili usoni na mkia wa ajabu, kama pangaboi. Huyo akawa mnyama wa kutu, na aliingia mchezoni katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, mwaka 1975. Nyama ya mtu hana haja nayo. Anakula chuma. Akikugusa kwa papasi zake deraya yako inageuka kutu palepale, na upanga uliompiga nao unapukutika. Kitabu cha wanyama cha mwaka 1977 kinasema hata silaha ya uchawi haijasalimika: kila alama moja ya nguvu yake inaipa nafasi 10 tu katika 100. Upanga wa alama tatu, ambao watu wamehangaika nao mwaka mzima, una nafasi 30 za kupona. Zilizobaki 70 ni za mnyama.

Watu wengi wanamchukia. Mimi namwona ni kazi safi ya fasihi, na sababu yangu ni moja: anaonekana. Anapojitokeza kwenye mwanga wa mwenge, hajakugusa bado. Una muda wa kufikiri. Utatupa upanga uchukue rungu la mti? Utakimbia na deraya yako na kumwacha mwizi, asiye na chuma cha maana, apambane peke yake? Kuna ujanja wa zamani wa kummwagia konzi ya misumari, naye anasimama kuitafuna kwanza, mnapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo ukipoteza kitu mbele ya mnyama huyu, ulikuwa na mkono wako ndani yake. Tena nguvu zake ni kinyume na mazoea: mpiganaji aliyejaza vyuma, ambaye kila siku anatangulia mbele kifua wazi, leo ndiye anayejificha nyuma ya mchawi mwenye kanzu. Mtu anayejua kutunga kisa ataliona hilo mara moja.

Kazi nyingine ya Gygax siisifii hivyo. Ni lile kaburi lake maarufu, Tomb of Horrors, lililochezwa kwanza kwenye mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa 1978. Humo pana njia ambayo ukiipita visivyo unarudishwa mwanzo wa kaburi uchi wa mnyama, huku vitu vyako vyote vikipelekwa chumba cha mwisho kabisa, kwa mwenye kaburi. Unaonyeshwa tao, unapita, umebaki na ngozi. Hapo hakuna konzi ya misumari ya kumwaga. Lakini nimpe haki yake: vitu vile havikupotea. Viko mahali, kitabu kinaeleza viko wapi, na ukifika utavikuta. Wizi wa namna hiyo una anwani. Nitalirudia neno hili baadaye.

Kuhusu kitabu cha waendeshaji cha mwaka 1979, chenye jedwali la kurushia dadu kila kitu cha mhusika aliyeshindwa kujiokoa na mpira wa moto, chupa peke yake, ngozi peke yake, karatasi peke yake, nitasema tu kwamba huo ni uhasibu, nasi tuendelee.

Miaka ikapita, upepo ukageuka. Toleo la mwaka 2003 lina jedwali linaloonyesha mhusika wa kila ngazi anatarajiwa awe na mali kiasi gani. Wa ngazi ya 10, vipande 49,000 vya dhahabu. Wa ngazi ya 20, vipande 760,000. Nguvu za maadui zilipimwa kwa kudhani mali hiyo ipo. Basi ukimvua mtu vitu vyake chini ya hesabu ile, umeharibu mizani yote ya mchezo na utalazimika kumrudishia kwa mlango wa nyuma. Mali ikawa kama mshahara. Na toleo la mwaka 2014 likamfuga hata mnyama wa kutu: silaha inayompiga inapungua nguvu moja moja, inaharibika kabisa ikifika tano, na kitu cha uchawi hakiguswi kamwe. Jamaa kapewa adabu, utadhani kapelekwa jando. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana bila shaka walichoshwa na meza zilizovunjika kwa ugomvi. Lakini mnyama aliyefungwa kamba si wa kukimbiwa.

Kabla sijafika kwenye kiini, nataka mwone kwa hesabu kuvuliwa ni kitu gani katika mchezo huu, kwa sababu maneno matupu hayatoshi. Chukua mpiganaji wa toleo la 2014 aliyevaa deraya kamili ya mabamba. Bei yake ni vipande 1,500, si mchezo. Akiwa na ngao, kinga yake ni 20. Kinamjia kile kijizimwi kidogo kiitwacho goblin, kinachoongeza 4 kwenye dadu yake ya pande 20. Ili kimpate lazima kirushe 16 au zaidi, yaani mara 5 katika 20. Sasa mvue. Kinga inashuka hadi 10, na kijizimwi kilekile kinampata kwa kurusha 6 tu, yaani mara 15 katika 20. Hatari imekuwa mara tatu, na mtu ni yuleyule, misuli ileile.

Wenzake je? Yule mtawa anayepigana kwa mikono mitupu hajapoteza kitu cha maana, ngumi zake ziko palepale. Mchawi bila kitabu chake hawezi kubadilisha uchawi aliokwisha kuuandaa, na ule unaohitaji vitu vya mkononi umemkwama, lakini bado anaweza kurusha cheche ya moto kwa neno na ishara ya kidole. Kumbe tukisema "wote wamevuliwa sawa" tunadanganyana. Anayevuliwa hasa ni mmoja, yule ambaye nguvu zake zote alikuwa ameziweka nje ya mwili wake. Tungo nyingi za kutekwa na kufungwa haziangalii jambo hili, za mezani na zetu za vitabuni pia. Tunaandika "walinyang'anywa kila kitu" kana kwamba "kila kitu" cha fundi cherehani na cha mwalimu ni kimoja.

Sasa tuingie penyewe. Kuna vitabu vinne vya visa, vinajulikana kwa namba A1 hadi A4, vinavyohusu genge la mabwana wa watumwa. Vilitungwa kwa ajili ya mashindano ya Gen Con huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1980, vikachapishwa mwaka huo na 1981. Katika vitatu vya kwanza mashujaa wanawafuatilia wafanyabiashara hao ngome kwa ngome. Mwisho wa cha tatu, kilichoandikwa na Allen Hammack, hauachi upenyo: ili cha nne kianze, lazima mashujaa wakamatwe. Cha nne kimeandikwa na Lawrence Schick. Kinaanza gizani, chini ya ardhi, wahusika wamevuliwa kila kitu wakabakiziwa vitambaa vya kiunoni. Juu yao pana mlima wa volkano unaotaka kulipuka.

Kwa maoni yangu A4 ni moja ya vitabu bora vya mchezo huu, na A3 kina moja ya kurasa mbovu za mwisho. Ajabu ni kwamba ubora wa kimoja unategemea ubovu wa kingine.

Nianze na ubora. Ukiwa na mwenge na upanga, pango ni njia ya kupita tu. Ukiwa huna, kila kitu pangoni kinaanza kuwa na jina. Jiwe lenye ncha ni kisu. Mfupa ni rungu. Tatizo la kwanza si adui, ni kuona. Wachezaji waliokuwa wamezoea kusema "nampiga" wanaanza kuuliza: ukuta una unyevu? Upepo unatoka wapi? Hewa ina harufu gani? Mwendeshaji naye analazimika kusimulia kwa ngozi na pua, kazi ambayo sisi waandishi tunaikimbia kwa kuwa macho ni rahisi. Humo ndani wanakutana na watu-uyoga, viumbe waliotokea katika mchezo kwa mara ya kwanza kwenye kitabu hiki. Mtu mwenye deraya angewafyeka akapita. Mtu mwenye kitambaa cha kiunoni anafikiria kwanza kuongea nao. Schick hakuhubiri neno juu ya amani. Kawavua tu, tabia ikabadilika yenyewe.

Halafu ubovu. Kwenye mashindano, kukamatwa kwa lazima kulikuwa na mantiki kamili. Wahusika walikuwa wa kugawiwa, wameandaliwa tayari. Mchezaji kakabidhiwa karatasi asubuhi, jioni anairudisha. Vikundi vyote vya raundi ya mwisho vilianza na mikono mitupu sawasawa, ili ipimwe akili. Hakuna aliyelia, maana upanga haukuwa wake. Kisha kisa hichohicho kikatiwa jalada, kikauzwa madukani kwa watu wenye wahusika waliowalea miaka mitatu au minne. Maandishi ni yale, mwenye upanga kabadilika. Ukurasa uliokuwa wa haki kwa karatasi ya kuazima ukawa unyang'anyi kwa karatasi ya mtu. Hili ndilo kosa la A3, na ni kosa la uchapishaji zaidi kuliko la utunzi: walimsahau msomaji mpya. Ndugu msomaji, ukipeleka mchezo wako wa redio kwa mchapishaji wa vitabu bila kubadili chochote, utakutwa na hilo hilo.

Namjua mmoja lililompata kwenye meza yetu. Ni fundi simu, ana kimeza chake kando ya barabara, bisibisi na kikuza macho ndizo mtaji wake. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja mgambo walimzoa na vifaa vyake, akaenda kuvikomboa kwa pesa ya kodi ya chumba. Mhusika wake kwenye mchezo alikuwa mpiganaji, na alitumia vikao vya miezi mitano kukusanya vile vipande 1,500 vya deraya. Aliichora kwenye karatasi, hadi misumari ya mabegani. Jumamosi moja mwendeshaji wetu wa wakati ule, aliyekuwa amesoma habari za A4 na kuzipenda, akafungua kikao kwa kusema: mnaamka, mko selo, hamna kitu. Wengine tukaguna. Fundi akauliza kwa upole kabisa, "Samahani kaka, dadu nimerusha lini?" Mwendeshaji akamjibu kwamba hadithi ndivyo inavyotaka. Fundi akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatuaga vizuri, akaenda zake.

Hakuja tena kwa majuma mengi. Nilipomfuata pale kwenye kimeza chake aliniambia, macho hayatoki kwenye simu anayoitengeneza: "Huku nje nanyang'anywa na watu nisioweza kuwajibu. Kule nilikuwa nakuja kwa sababu kuna dadu."

Mnaona kasheshe ilipo. Tunasema mchezo huu ni wa kutoroka dunia, na wakosoaji wake wanasema hivyo kwa dharau. Fundi hakuwa anatoroka kitu. Goblin wa kwenye mchezo wamemchoma mikuki mara nyingi na hakuwahi kununa. Alichokipenda ni kwamba balaa la mezani lina utaratibu. Lina namba, unarusha, ukikosa umekosa mwenyewe na kila mtu kaona. Mwendeshaji alipochukua deraya bila dadu, hakuchukua deraya tu. Aliigeuza meza ikawa barabara.

Kwa hiyo je, tusiwavue kabisa? La hasha. Nani anataka hadithi ambayo mtu anapata tu, hapotezi? Nimesoma miswada ya wenzangu kadhaa, majina nayahifadhi, ambamo shujaa anaanza na gari ukurasa wa 3 na ukurasa wa 90 bado analo, limeoshwa. Huruma ya namna hiyo inaua kazi. Ninachokitafuta ni namna.

Hapo ndipo nikamkumbuka Liyongo wetu. Sote tunakijua kisa, hata ambaye hajauona utenzi wenyewe ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Yule simba wa mwambao anawekwa gerezani kwa minyororo, hana upinde wala mshale. Angalia mtunzi anavyomwachia kitu. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, ndani yake anaficha tupa, na kijakazi Saada anaupeleka. Chakula kizuri walinzi wanajilia wenyewe. Mkate wa wishwa wanaudharau, wanamrushia mfungwa. Halafu wachezaji gungu wanapiga ngoma nje, na ndani ya kelele hizo anakata minyororo. Nani aliyemwingizia tupa? Kwa namna fulani ni walinzi wenyewe, kwa dharau yao.

Kanuni hii nimeitafuta kwenye A4 nikaikuta. Waliowavua mashujaa walichukua kila chenye thamani kwa macho yao ya kibiashara: chuma, dhahabu, vitabu. Waliacha mawe, mifupa, giza, na watu-uyoga ambao hakuna sokoni anayejua bei yao. Mashujaa wanatoka kwa vitu hivyohivyo vilivyodharauliwa. Mnyang'anyi naye ni mhusika, ana macho yake na upofu wake, na anachokiacha kinasema habari zake kuliko anachokichukua. Mwendeshaji wetu siku ile alisema "hamna kitu", akadhani ametisha. Kumbe hakuwa amemtunga mnyang'anyi hata mmoja! Selo ile haikuwa na mlinzi mwenye jina, wala dharau, wala njaa. Tulivuliwa na hewa.

Mwaka 2015 kilitoka kitabu kingine, Out of the Abyss, ambacho ni kama mjukuu wa A4. Nacho kinaanza na mashujaa wakiwa wafungwa chini ya ardhi, wameshikwa na elfu weusi waitwao drow. Kimetumia akili mahali pawili. Kwanza, wahusika ni wa ngazi ya 1, ndiyo kwanza wametungwa, kwa hiyo hakuna anayenyang'anywa jasho lake; orodha yake ina wino mbichi. Pili, humo kizuizini wapo wafungwa wenzao 10, kila mmoja na jina na siri yake, akiwemo mtoto mmoja wa wale watu-uyoga, anaitwa Stool. Badala ya vitu unapewa watu. Wazo hilo ni bomba, nakiri, na mwandishi wa riwaya anaweza kuliiba mchana kweupe. Hata hivyo naona kimekwepa lililo gumu. Kumvua asiye na kitu ni rahisi. A4 ilithubutu kumvua mtu mzima mwenye historia, na meza ambayo imefanya hivyo kwa haki hupata usiku ambao watu wataukumbuka. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua A4, ila ukurasa wa mwisho wa A3 niuandike mwenyewe.

Ningeuandikaje? Ningewapa mlango wa kuchagua. Bwana mmoja wa watumwa anasimama ukutani na wafungwa 20 nyuma yake, anasema: wekeni silaha chini, hawa waende. Waache wabishane nusu saa. Watakaoweka silaha chini wameziweka kwa mikono yao, na sasa deraya ile ina historia kubwa kuliko siku iliponunuliwa. Wakikataa, wapigane, dadu ziseme. Wakishinda, wameshinda, na A4 ikae kabatini, haidhuru. Mwendeshaji asiyekuwa tayari kukiacha kitabu kabatini asianze safari hiyo.

Na lile neno la anwani. Siku hizi kwetu pana utaratibu ambao aliuanzisha dada mmoja anayetuendeshea. Kabla hajachukua kitu cha mtu, anaandika kwenye kipande cha karatasi kitu hicho kiko wapi, kwa nani, na huyo mtu anakifanyia nini. Anakitia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi, anaiweka mezani mbele ya wote. Haruhusiwi kubadilisha baadaye. Tulianza A4 mwezi uliopita, wote kwa hiari, baada ya ubishi wa ukutani uliochukua jioni nzima. Fundi simu yumo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua ngao, akarusha penseli mezani kwa kishindo. Kwa sasa ana fupa la paja na jiwe moja bapa, na anasema jiwe linanolewa. Bahasha ya deraya iko chini ya sahani ya dadu. Juzi aliinyanyua akaitazama kwenye mwanga wa taa, akairudisha.